Ubora wa Zahanati za Serikali: Tupime Kwanza, Ndipo Tubishane

Katika mdahalo mmoja uliofanywa na wanafunzi wa sekondari hapa Olasiti, upande wa magharibi wa jiji la Arusha, hoja iliyoletwa mezani ilikuwa hii: kwamba serikali imeshindwa kutoa huduma bora za afya, na kazi hiyo waachiwe watu binafsi na mashirika ya dini. Mimi nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu. Upande wa kuunga mkono ulieleza habari za foleni ndefu, dawa zisizopatikana, na wauguzi wenye maneno makali. Upande wa kupinga ulijibu kwamba pasipo zahanati ya umma maskini angekufa mlangoni mwa tajiri, na kwamba hospitali ya biashara humwangalia mgonjwa mfukoni kabla ya kumwangalia ulimini. Vijana wale walisema kwa ufasaha, ukumbi ukashangilia, na hoja ikapita kwa kura chache.

Watu walipokuwa wakianza kuinuka, msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye hakuwa msemaji wa upande wo wote, aliinua mkono akauliza: "Samahani Mwalimu, tumejuaje? Huo ubora umepimwa kwa kipimo gani?" Mwenyekiti alimjibu kwamba muda umekwisha.

Swali lile ndilo lililokuwa la kisayansi kupita yote yaliyosemwa siku ile, nalo halikupata jibu. Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Nianze na jambo lililonipata mwenyewe, maana sipendi msomaji adhani kwamba nasema habari nilizozisoma tu. Miaka michache iliyopita mjukuu wangu, aliyekuwa na umri wa miezi 14, alishikwa na homa na kikohozi. Siku ya pili tulimpeleka katika zahanati moja ya serikali. Tabibu aliuliza umri wa mtoto na siku alizougua, kisha akaandika dawa ya malaria na dawa ya kikohozi ya maji. Hakumvua shati. Hakupima damu. Tulikaa mbele yake kwa muda usiozidi dakika tatu, na kwa kuwa mtoto alikuwa chini ya miaka mitano hatukulipa kitu.

Kesho yake hali ilikuwa mbaya zaidi. Bibi yake alisema, "Ya bure hayo, baba, ulitegemea nini?" Basi tukaenda katika kliniki ya mtu binafsi, yenye viti vizuri na maji ya kunywa na mhudumu mpole wa mapokezi. Walichukua damu, wakatuambia mtoto ana malaria na homa ya matumbo kwa pamoja, wakamchoma sindano, nasi tukalipa shilingi 60,000. Usiku ule mtoto alikataa titi.

Alfajiri tulifika katika kituo kingine cha serikali. Pale tulimkuta muuguzi mmoja mama wa makamo, aliyekaribia kustaafu. Alimpandisha mtoto shati hadi kwapani, akavua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya goti, akatuomba tunyamaze, akakitazama kifua cha mtoto kwa dakika moja kamili. Mara 58. Akatuonyesha jinsi nyama ya chini ya mbavu ilivyokuwa ikibonyea ndani kila mtoto alipovuta pumzi. Akasema ni homa ya mapafu, yaani nimonia, tena imekuwa kali. Akampa dozi ya kwanza ya sindano, akaandika barua ya rufaa, akamtafuta dereva. Leo mtoto huyo yuko darasa la awali, na makelele yake ndiyo yanayonizuia kumaliza makala haya kwa wakati.

Kisa kimoja si utafiti, na mwanafunzi wa sayansi anayejenga kanuni juu ya mgonjwa mmoja anastahili kusahihishwa. Hata hivyo kisa hiki kinafaa kwa jambo moja. Kati ya vituo vitatu, viwili vilikuwa vya serikali na kimoja cha biashara. Cha serikali kilikosea, cha biashara kikakosea, kisha cha serikali kikapatia. Aliyepatia hakuwa na mashine ambayo wengine hawakuwa nayo, wala elimu ya juu kuwapita. Alikuwa na saa, na dakika moja.

Yafaa tueleze kwa nini dakika ile ina thamani. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno vya hewa, vyenye kuta nyembamba ambamo oksijeni hupita kuingia katika damu. Nimonia ikiingia, vifuko hivyo hujaa majimaji na usaha, oksijeni ikakosa njia, na mwili ukajaribu kulipa upungufu huo kwa kupumua haraka haraka. Kwa hiyo mwendo wa pumzi ni habari itokayo ndani ya kifua, nayo husomwa bila eksirei. Mwongozo wa matibabu ya watoto wagonjwa, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuupokea mnamo mwaka 1996, unasema hivi: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, hali akiwa ametulia, ahesabiwe kuwa anapumua haraka. Akiwa na kikohozi pia, ashukiwe nimonia. Akishindwa kunyonya au kunywa, hiyo ni dalili ya hatari.

Mwalimu anayesoma hapa anaweza kulifanya jambo hili kuwa somo la darasani. Wanafunzi wahesabiane pumzi kwa dakika nzima, kisha wahesabiane kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Watagundua kwamba aliyekosa pumzi moja katika njia ya kwanza amekosa moja, na aliyekosa moja katika njia ya pili amekosa nne. Mtoto wa miaka miwili anayepumua mara 40 ataandikwa 36, naye ataambiwa arudi nyumbani. Haraka ya mhesabuji imegeuka kuwa kosa la hesabu, na kosa la hesabu limegeuka kuwa kaburi. Ndiyo sababu mwongozo unataka dakika kamili.

Sasa turudi kwa yule msichana na swali lake. Ubora wa tiba hupimwaje? Watu wengi huangalia majengo, na ni rahisi kueleweka kwa nini, kwa sababu jengo huonekana. Wengine huhesabu dawa zilizopo stoo. Wengine huhesabu vyeti vya watumishi. Vitu hivi ni vya lazima, lakini vyote ni vya kabla ya tiba. Tiba yenyewe hutokea kati ya watu wawili ndani ya chumba, na chumba hicho kina mlango uliofungwa.

Kwa bahati njema baadhi ya kazi mashuhuri duniani za kuuchungulia mlango huo zilifanywa hapa kwetu Arusha. Kenneth Leonard, mchumi wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, na Dakta Melkiory Masatu, wa Kituo cha Maendeleo ya Elimu ya Afya kilichopo hapa Arusha, walizunguka katika zahanati na hospitali za mkoa huu, za serikali na zisizo za serikali, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Njia yao ilikuwa na busara. Kwanza waliwauliza wagonjwa waliokuwa wakitoka chumbani: Je, aliuliza homa ilianza lini? Alikupima? Alikueleza ugonjwa wako? Kisha mtafiti aliingia chumbani akaketi kimya kumtazama mganga akifanya kazi, huku wagonjwa wakiendelea kuulizwa maswali yale yale walipotoka.

Walichokiona, na kukichapisha mwaka 2006, ni hiki. Mara mtafiti alipoketi chumbani, mganga aliuliza zaidi, akapima zaidi, akaeleza zaidi. Ubora ulipanda ghafula. Lakini baada ya wagonjwa kama 10 au 15 kupita, mganga alimzoea mgeni wake, na ubora ukashuka tena hadi mahali ulipokuwa kabla. Wanasayansi huiita hali hii athari ya Hawthorne, kwa jina la kiwanda kimoja karibu na Chicago ambako kati ya mwaka 1924 na 1932 wafanyakazi walionekana kubadili utendaji wao kwa sababu tu walijua kwamba wanachunguzwa.

Msomaji atafakari maana yake. Dawa hazikuongezeka mtafiti alipoingia. Mshahara haukupanda. Hakuna aliyepelekwa kozi. Maarifa yale ya kuuliza na kupima yalikuwamo kichwani mwa mganga tangu asubuhi, ila hayakuwa yakitolewa.

Watafiti hao walipima pia ujuzi peke yake, kwa kumpa mganga mgonjwa wa kuigiza, ambaye mganga anajua kabisa kwamba ni maigizo, na kusikiliza angefanya nini. Kisha walilinganisha majibu hayo na alichowafanyia wagonjwa wa kweli. Kati ya kujua na kutenda palikuwa na pengo. Tena pengo hilo halikuwa sawa kila mahali: katika kazi waliyoichapisha mwaka 2007, mashirika yaliyowaachia wakuu wa vituo madaraka zaidi juu ya watumishi na fedha yalipata utendaji uliokaribia zaidi ujuzi wa watumishi hao.

Hapa wanafunzi wa upande wa kuunga mkono wataruka kwa furaha, maana mashirika hayo kwa sehemu kubwa hayakuwa ya serikali. Nawaomba waketi kidogo. Kilichotofautiana ni namna ya kusimamia. Umiliki na usimamizi huandamana mara nyingi, lakini si kitu kimoja. Na katika mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, badala ya kuzipitisha zote katika ofisi za halmashauri. Hilo ni badiliko la usimamizi ndani ya umiliki ule ule wa umma. Anayetaka kujua kama lina faida anapaswa kulipima, asilishangilie wala asilizomee kwanza.

Upande wa kupinga nao watasema, kama wanavyosema walimu wenzangu wengi, kwamba mganga wa serikali amechoka tu, wagonjwa ni wengi mno. Huenda ni kweli katika zahanati za mjini kama hizi zetu, ambako viwanja vipya vinajengwa kila mwezi na wakazi wanaongezeka kuliko vitanda. Lakini uchunguzi wa vituo vya vijijini nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 2010 haukuona kwamba waganga wenye wagonjwa wachache walifanya kazi kwa bidii kuliko wenye wagonjwa wengi. Uchovu ni sababu ya heshima. Yatupasa kuithibitisha kabla ya kuitumia.

Tuchukue mfano wa homa, ambao unatugusa wote. Mwaka 2004 jarida moja la tiba la Uingereza lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali walipimwa damu kwa uangalifu kwa hadubini. Waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, yaani asilimia 46 tu. Zaidi ya nusu walikuwa wakitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Na si kwamba kosa hilo halikuwa na gharama: kati ya wenye malaria walikufa asilimia 6.9, na kati ya wasio na malaria walikufa asilimia 12.1, baadhi yao wakiwa hawakupewa dawa za kuua bakteria ingawa dalili zao zilizidai.

Miaka tisa baadaye, mwaka 2013, ilichapishwa habari ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa mjini Moshi, jirani zetu, katika hospitali mbili, moja ikiwa ya serikali na nyingine ya taasisi ya kanisa. Waliodhaniwa na waganga kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Robo hivi ya waliopimwa walikuwa na maradhi yatokayo kwa wanyama, kama vile leptospirosi, bruselosi na homa ya Q, ambayo karibu hakuna aliyeyafikiria. Kwa sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru, tunaolala karibu na mbuzi na kunywa maziwa yasiyochemshwa, hiyo si habari ya mbali. Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini, na bado mjukuu wangu aliandikiwa dawa ya malaria mara mbili, kwa kalamu ya serikali na kwa kalamu ya biashara.

Vipimo vya haraka vya malaria vilipoenezwa nchini, tatizo hili lilipungua, lakini kwa sehemu lilihama. Mgonjwa asiye na malaria sasa hupewa dawa ya bakteria kama kwamba hakuna ugonjwa wa tatu duniani. Uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba zaidi ya 7 kati ya 10 walikuwa na maradhi ya virusi, ambayo dawa za bakteria haziyagusi. Dawa hizo zikitumiwa ovyo, bakteria hujifunza kuzishinda, na hasara yake huwaangukia wagonjwa wa kesho.

Nimesema mengi ya lawama. Haki inataka niseme pia yaliyofanywa. Nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na vituo vya afya vya vijijini 22 tu. Kufikia mwaka 1980 vilikuwa vimezidi 200, na zahanati zilikuwa zimetoka chini ya 1,000 hadi karibu 2,600. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kuzunguka redio, wakajifunza, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za biashara, hospitali za dini zikaachwa ziendelee. Kisha uchumi ukaanguka, rafu za dawa zikawa tupu, na kuanzia mwaka 1983 zahanati ziliponea kwa masanduku ya dawa muhimu yaliyogharamiwa na msaada wa Denmark kupitia UNICEF. Mwaka 1991 biashara ya tiba iliruhusiwa tena, na mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Kwa hiyo taifa letu limeijaribu hoja ya mdahalo ule kwa pande zote mbili, kwa miaka mingi, na kwa watu walio hai.

Matokeo yake yanasomwa katika uchunguzi wa taifa wa afya unaofanywa kila baada ya miaka kadhaa. Uchunguzi wa mwaka 2004-05 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2010 walikuwa 81. Mwaka 2015-16 walikuwa 67. Na mwaka 2022 walikuwa 43. Chanjo, vyandarua na vitamini A vina sehemu kubwa katika ushindi huo, na vitu hivyo viliwafikia watu kwa sehemu kubwa kupitia zahanati za umma, zile zile tunazozitukana. Anayesema serikali imeshindwa kabisa ana kazi ya kueleza walikotoka watoto hao wote waliokwisha vuka.

Lakini sasa tazama tarakimu nyingine katika vitabu vile vile, ambazo mimi nadhani ndizo kiini cha mjadala. Watoto waliokufa ndani ya siku 28 za kwanza walikuwa 32 katika 1,000 mwaka 2004-05, kisha 26, kisha 25, na mwaka 2022 walikuwa 24. Mstari huo karibu umelala. Na katika kipindi hicho hicho, wanawake waliojifungulia katika vituo vya tiba walipanda kutoka asilimia 47 hadi 50, hadi 63, hadi 81. Kati ya uchunguzi wa mwaka 2015-16 na ule wa 2022 tuliongeza akina mama 18 katika kila 100 waliofika kituoni, na katika kila watoto wachanga 1,000 tukaokoa mmoja.

Wanafunzi wachore grafu hizo mbili katika karatasi moja waone wenyewe. Kuna maelezo zaidi ya moja. Yawezekana zamani waliofika vituoni walikuwa wenye nafuu, na sasa wanafika hata wenye uzazi mgumu. Yawezekana watoto waliokuwa wakihesabiwa kuwa wamezaliwa wafu sasa wanahesabiwa kuwa walipumua kidogo. Lakini maelezo yaliyo mepesi kuliko yote ni kwamba kumfikisha mama mlangoni ni kazi moja, na kumhudumia ndani ya mlango ni kazi nyingine. Chanjo ikishachomwa imechomwa, hata mchomaji akiwa amenuna. Mtoto aliyezaliwa bila kupumua anahitaji mtu anayejua, aliye macho, na mwenye mfuko wa kupulizia hewa mkononi katika dakika ile ya kwanza. Mwaka 2018 tume ya kimataifa ya wanasayansi wa afya ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, vifo milioni 5 kwa mwaka hutokana na tiba duni waliyopewa watu waliofika kutibiwa, na milioni 3.6 hutokana na kutofika kabisa. Wanaofikishwa na kukosewa ni wengi kuliko wasiofikishwa.

Kwa upande wa akina mama, uchunguzi wa mwaka 2022 ulitoa habari njema mno: vifo 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 mwaka 2015-16. Naipokea habari hiyo kwa furaha na kwa hadhari. Vifo vya uzazi ni vichache kwa hesabu, navyo hukadiriwa kwa kuwauliza watu habari za dada zao, hata lile kadirio la 556 lenyewe lilimaanisha mahali fulani kati ya 446 na 666. Mwanafunzi aliyejifunza habari za kosa la vipimo ajue kwamba tarakimu moja katika kichwa cha habari huwa na mkia mrefu.

Je, hali ya siku zile za kwanza inaweza kubadilika ndani ya hospitali za umma zenyewe? Ushahidi upo, tena wa karibuni. Katika vituo 30 vya mikoa mitano, jirani yetu Manyara ukiwamo, wakunga walipewa mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, kwa kutumia mwanasesere, pamoja na vyombo vya kupima mapigo ya moyo wa mtoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika 1,000. Sehemu kubwa ya vituo hivyo ni vya serikali. Hawakuletewa mmiliki mpya. Waliletewa mazoezi, na kipimo cha kuwaonyesha walipofika.

Niseme jambo moja pembeni, kwa kuwa ni la huku kwetu. Wapo watoto wa Arumeru waliopinda miguu na wenye meno ya rangi ya chai, kwa sababu maji yatokayo katika miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Hakuna tabibu, wa umma wala wa binafsi, anayeweza kuunyosha mfupa huo kwa kidonge. Kwa hiyo tunapopima ubora wa afya ya umma, tusisahau kwamba fundi wa maji naye ni mtumishi wa afya.

Serikali yenyewe ilikwisha kujipima. Mwaka 2015-16 ilikagua karibu vituo 7,000 vya tiba ya msingi, vya umma na visivyo vya umma, na kuvipa nyota sifuri hadi tano. Theluthi moja hivi havikupata hata nyota moja, na vilivyofikia nyota tatu vilikuwa kama 2 katika kila 100. Ukaguzi wa pili, wa mwaka 2017-18, ulikuta vilivyofikia nyota tatu vimekuwa karibu moja ya tano. Niliwasikia watu wakiicheka serikali kwa matokeo ya kwanza. Mimi nilivua kofia. Mwenye kujipima hadharani na kukubali kwamba amepata sifuri amefanya jambo ambalo kliniki nyingi zenye viti vizuri hazijalifanya.

Ila nyota hukaguliwa kwa siku moja, na mkaguzi ni mgeni anayeonekana. Tumekwisha kuona hapa Arusha kwamba mbele ya mgeni ubora hupanda, na wagonjwa 15 wakipita hushuka. Ndiyo maana ninapendekeza kipimo kidogo, cha kila siku, ambacho hakihitaji mgeni. Kila zahanati, ya serikali na ya biashara, iwe na ubao mlangoni. Ubao uandikwe kila mwezi: watoto wangapi walikuja na kikohozi, wangapi kati yao walihesabiwa pumzi kwa dakika nzima, wagonjwa wangapi wa homa walipewa dawa ya malaria, wangapi kati yao walipimwa damu kwanza na kukutwa nayo. Tarakimu zisitoke kwa tabibu peke yake. Mama akitoka aulizwe na mjumbe wa kamati ya kituo: Je, alimvua mtoto shati? Alitazama saa? Mama asiyejua kusoma anaweza kulijibu swali hilo kwa usahihi kuliko mkaguzi mwenye shahada.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba watumishi watadanganya, na baadhi watadanganya. Litasemwa kwamba ni kuwadhalilisha wauguzi ambao tayari wana mizigo mingi. Jambo hilo la pili limenisumbua, maana aliyemwokoa mjukuu wangu ni muuguzi, na katika kituo chake hakuna aliyejua kwamba yeye huhesabu na mwenzake hahesabu. Wote wawili hulipwa sawa, husifiwa sawa na hutukanwa sawa katika midahalo yetu. Sioni kipimo kinachomdhalilisha mtu wa namna yake. Naona kinyume chake.

Mwezi uliopita nililifanya lile zoezi la kuhesabu pumzi pamoja na kidato cha tatu. Wanafunzi 41 walihesabu kwa dakika nzima na kwa sekunde 15. Yule msichana wa swali ndiye aliyekusanya tarakimu na kukokotoa makosa ya njia zote mbili, na ndiye aliyeandika kwa mkono wake barua ya maombi ya ubao, tuliyoipeleka ofisi ya mtaa pamoja na jedwali lake. Mwenyekiti wa mtaa aliipokea, akagonga muhuri, akasema ataifikisha kwa kamati ya zahanati. Kamati hukutana kila robo mwaka, na zamu yao ijayo ni mwezi ujao.